Guta la mizigo kwenye vilima vya Kigoma: uzoefu wangu

Wauza maguta wana wimbo mmoja, injini. "Dada, hii ni CC 200, linabeba tani bila wasiwasi." Mimi ni mfanyabiashara wa mawese na dagaa. Guta langu linazunguka kati ya Kibirizi, Mwanga na Ujiji, na mtu anayetaka kununua la kwake akiniuliza, namwambia aanze kuuliza breki. Injini ikishindwa kupanda, mzigo unapunguzwa na safari inaendelea. Breki zikishindwa kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kuja stesheni, huku chini kuna watu, pikipiki na daladala.

Ninalolizungumzia ni lile la wazi: mbele pikipiki, nyuma bodi ya chuma, matairi matatu. Dereva hana mlango wala mkanda. Wengine hufunga kipaa cha turubai juu ya kiti. Kinasaidia jua na manyunyu, lakini guta likipinduka hakikingi chochote, kwa hiyo muuzaji asikuongezee bei kwa kukiita usalama. Dereva wangu anavaa kofia ngumu hata kama ni kwenda dukani tu. Alilalamika mwanzoni, sasa amezoea.

Ubaya wa matairi matatu ni kwamba hayakutishi. Pikipiki inamfundisha mtu woga siku ya kwanza, maana usipoishika inaanguka. Guta linasimama lenyewe, mtu anapanda na kujiona amefika. Kijana ninayemwachia alitoka kwenye bodaboda, na hao ndio wa kufundishwa zaidi. Pikipiki unailaza kwenye kona, guta halilali. Ukiingia kona kwa kasi, tairi la nyuma la upande wa ndani linaanza kunyanyuka, na mikono iliyozoea pikipiki inaweza kufanya kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Kibaya zaidi ni kukanyaga breki ukiwa tayari umeshaingia kona, kwa sababu uzito unakimbilia mbele ambako kuna tairi moja tu la kuupokea. Mwendo upunguzwe barabara ikiwa bado imenyooka. Watu wengi hawajui pia kwamba ukizidisha mwendo mara mbili kwenye kona ileile, nguvu inayolisukuma guta nje haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Ndiyo maana kona inayopitika kwa kilomita 20 kwa saa inaweza kukutupa mtaroni kwa 40, na mitaro yetu mnaijua ilivyo na kina.

Sasa mzigo. Tani moja ya saruji ni mifuko 20 ya kilo 50, inalala chini ya bodi na guta linatulia. Dumu la mawese la lita 20 lina mafuta ya kilo kama 18, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Madumu yakipangwa safu moja, yakabanwa yasisogee, hayana ugomvi. Mzigo ninaouogopa ni dagaa wakavu. Gunia ni jepesi, basi wapagazi wanaona uvivu kuacha nafasi, wanapanga juu, juu tena, mpaka dereva haoni nyuma. Kwenye mizani guta halijazidisha hata kidogo, lakini uzito umepanda juu na upepo wa ziwa nao umepata pa kusukumia. Kwangu magunia hayapiti kimo cha kichwa cha dereva akiwa amekaa. Kama yamebaki, yanasubiri safari ya pili, na mwenye haraka akodi gari.

Mzigo pia usirundikwe nyuma ya ekseli, kile chuma kinachounganisha matairi ya nyuma. Kwenye mpando tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unageuka na guta haligeuki. Na juu ya mzigo hapandi mtu. Wapagazi wanaona ni roho mbaya, eti mama ananyima lifti. Waone hivyohivyo.

Nirudi kwenye breki, maana ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda. Yapo maguta yenye breki za waya au fimbo, na yapo ya breki za mafuta. Nilichukua la mafuta, na pedali moja inakamata matairi yote matatu. Kabla ya kulipa niliomba lijazwe mzigo kisha lijaribiwe kwenye mteremko. Duka la kwanza lilikataa, likaniambia nijaribu uani, pale pale palipo tambarare, likiwa tupu. Niliondoka. Duka la pili walikubali, wakapakia mifuko ya saruji yao wenyewe. Sikiliza kama linavuta upande mmoja ukifunga breki. Halafu lisimamishe katikati ya mpando kwa breki ya mkono peke yake, dereva ashuke. Langu lilishika, lakini bado tunatembea na kabari mbili za mbao za kuweka nyuma ya matairi wakati wa kupakia.

Breki nzuri nazo zinauawa na dereva. Madereva wengi wakifika mteremko wanatoa gia, guta linateleza lenyewe ili wabane mafuta. Hapo injini haisaidii tena kuzuia, breki zinabeba kazi yote, zinapata moto na kulegea. Sheria ni kushuka na gia ndogo. Ila tatizo linaanzia kwenye mapatano yenu: kama umempangia hesabu ya siku na petroli anajinunulia yeye, umemlipa ili ateleze. Mimi petroli nanunua mwenyewe, na hesabu nikaipanga kwa kuzingatia hilo. Naona mabadiliko kwenye breki shuu, zinakaa muda mrefu kuliko za jirani yangu mwenye guta kama langu.

Kuhusu injini nitasema kifupi. Kwa vilima hivi chukua yenye rejeta, yaani inayopozwa na maji. Injini ya kupozwa na upepo inautegemea huo upepo, na guta lililojaa linalopanda kwa gia ya kwanza linakwenda polepole mno kupata upepo wa maana. Maji ya rejeta yaangaliwe asubuhi injini ikiwa baridi. Ikiwa ya moto usifungue kifuniko, yatakurukia usoni. Kwa ndugu zangu wa Tabora kwenye tambarare, wanaobeba mizigo ya wastani, nadhani ya upepo inatosha, na ina vitu vichache vya kuharibika.

Barabara za vumbi zina fitina yake. Gari linaukalisha mfereji katikati ya matairi yake na kupita. Guta haliwezi, tairi la mbele liko katikati na shimo ulilolikwepa kwa matairi ya nyuma linaliingia hilo. Bodi nayo ni pana kuliko usukani, kwa hiyo dereva anapenya kwa macho ya pikipiki kisha bodi inakwaruza nguzo ya watu. Tulirefusha mikono ya vioo ili aone nyuma ya bodi, tukabandika viakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele, na taa za nyuma fundi akazishusha zisifunikwe na turubai.

Chumvi ni adui nisiyemwona akitajwa. Mtu akikodi guta kubeba chumvi ya Uvinza, au dagaa waliotiwa chumvi, jioni bodi ioshwe kwa maji mengi pamoja na chini, penye springi na chasisi. Ukiwa unanunua lililotumika, lala chini uangalie hapo kabla ya kusifia rangi. Angalia ufa kwenye viungo vilivyochomelewa, zungusha propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini matairi ya nyuma, usikie kama krosi, yaani kiungo chake, inagonga, kisha linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizo kwenye kadi.

Makaratasi yasikupite. Anayesema guta si chombo cha kukatiwa bima anatafuta sababu tu. Bima ndogo ni lazima kisheria, nayo inalipa uliyemgonga, haitengenezi guta lako. Leseni ya dereva iwe na daraja A2, ambalo ndilo la miguu mitatu. Ya pikipiki peke yake haitoshi, na siku ya ajali kampuni ya bima itaanza kuuliza hapo hapo.

Chapa sitaitaja, maana nyingi za Kichina zinafanana na tofauti iko kwenye spea. Kabla ya kulipa nilizunguka maduka ya spea ya Mwanga nikiuliza krosi, breki shuu na klachi za hilo guta. Chapa moja iliyokuwa na bei nzuri sana kila duka lilinijibu "tunaagiza Dar". Guta lililolala wiki nzima likisubiri krosi haliingizi hesabu, na dereva atahama. Nililipa zaidi kidogo kwa lile ambalo spea zake zinaning'inia dukani.