Troli jeki ya chini kwa gari lililolala: tunaijaribu Nyegezi

Karibuni watazamaji. Leo tupo Nyegezi, hapa Mwanza, uani juu ya pevingi, na mbele yenu kuna Toyota 86 iliyofungwa springi fupi. Kutoka chini hadi mdomo wa bampa, tepu inasoma sentimita 10. Ile troli jeki ya kawaida, yaani jeki ya magurudumu yenye mpini mrefu, ambayo karibu kila gereji ya mtaani inayo, hata ikishushwa kabisa inabaki na sentimita 13 au 14. Haiingii. Hapo ndipo mtu anapochomeka jeki popote anapopata upenyo, na sketi, ile plastiki ya pembeni chini ya milango, inapasuka.

Tunayoichambua ni hii ndefu ya chini, tani 3. Kibandiko kinasema inashuka hadi milimita 80. Sogeza kamera hapa. Tepu inasoma 80 kwenye chuma cha sahani, ile sehemu ya juu ya jeki inayobeba gari. Tukirudisha raba yake, inasoma 92. Kwa hiyo dukani pima jeki ikiwa na raba juu, maana ukifika nyumbani ukalazimika kuing'oa ndipo iingie, chuma kitakuwa kinasaga chuma, na chuma juu ya chuma kinateleza.

Kuna kipimo kingine ambacho kibandiko hakikitaji kabisa. Sahani inaweza kuwa chini, lakini ukirudi nyuma kwenye pampu na shina la mpini, jeki inanenepa. Nyumbani, pitisha tepu chini ya bampa hadi kwenye krosimemba, kile chuma kipana kinachokatiza chini ya injini. Dukani, pima kutoka katikati ya sahani hadi pale mwili wa jeki unapozidi urefu wa bampa yako. Namba ya dukani ikiwa ndogo kuliko ya nyumbani, jeki itagonga bampa kabla ya kufika. Hii yetu inafika, ila mwanzoni mpini hauna nafasi ya kucheza. Unapiga pampu fupifupi, nusu mkono, mpaka bampa ipande ndipo uvute mkono mzima. Hii sponji ya kwenye mpini msiidharau, ndiyo inayookoa rangi ya bampa.

Kuhusu tani, msitishike. Gari hili lina kilo 1,200 na ushee, na ukiinua mbele unabeba zaidi kidogo ya nusu yake. Tani 2 inatosha. Sisi tunapenda ya tani 3 kwa sababu fremu yake ni pana na haitikisiki. Ubaya wake ni uzito: kuipakia kwenye buti, mwite mwenzako.

Kama hata hii haiingii, tumia mbao. Chukua ubao wa inchi 2 kwa 8, kata kipande cha sentimita 90, juu yake weka cha sentimita 60, vikaze kwa skrubu, kisha chonga ncha kwa mshazari. Tairi zikipanda hapo, umepata karibu sentimita 10. Shida ni kwamba gari hili la Toyota 86 linasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo tairi za mbele zikigusa ubao zinausukuma badala ya kuupanda. Pigilia kipande cha mpira wa tairi kuukuu chini ya ubao, utang'ang'ania. Umeona? Haujasogea.

Sasa ardhi. Hapa tutachukua muda, kwa sababu viwanja vya Mwanza vinajulikana kwa mawe na miteremko. Ukitaka kuinua gari, weka pima maji chini kwanza, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Povu likikimbilia pembeni, tafuta sehemu nyingine.

Halafu angalia magurudumu haya madogo ya jeki. Mkono wa jeki haupandi wima, unapanda kwa kuzunguka, kama mkono unaokunjwa kwenye kiwiko. Sahani inapopanda inarudi nyuma, kwa hiyo jeki lazima itembee kidogo kuifuata. Kwenye moramu au mchanga magurudumu yanazama, jeki inakwama, na sahani inaanza kuteleza chini ya gari. Tandika plaiwudi ya milimita 18, ndefu ya kutosha jeki itembee juu yake. Na usiizuie jeki kwa jiwe hata siku moja. Kinachozuiwa ni tairi zinazobaki chini, mbele na nyuma ya kila moja, kwa kabari ya mbao. Jiwe la mviringo linabingirika.

Handbreki inashika tairi za nyuma tu. Ukiinua nyuma, handbreki haina kazi tena, zimebaki kabari. Na kwa gari la otomatiki la aina hii, usiitegemee P, ile gia ya kuegesha: ukiinua tairi moja ya nyuma, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, inairuhusu izunguke hewani na gari linaweza kutembea.

Haya, tunainua. Nati za tairi zimelegezwa robo mzunguko zikiwa bado chini. Sahani iko katikati ya krosimemba, siyo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, siyo kwenye gia boksi. Sentimita 5, tunasimama. Tunatazama sahani imekaa vipi, kabari zimebana au la. Tunaendelea.

Stendi, vile vigingi vya chuma vya kushikilia gari likishainuliwa, zinaingia kwenye ukingo wa bati pembeni, katikati ya zile alama mbili za kukata nyuma ya tairi. Ona raba hii yenye mfereji: ukingo unazama ndani, uzito unakaa kwenye bati pana la pembeni. Bila raba, ukingo unapinda, rangi inabanduka, kutu inaanza. Kwenye pevingi, miguu ya stendi inaweza kuingia kwenye mwanya kati ya matofali, kwa hiyo kila stendi ina ubao wake wa sentimita 40 kwa 40. Tafadhali, tofali la saruji lisikae badala ya stendi. Linapasuka ghafla, halitoi onyo.

Fungua valvu ya kushushia jeki polepole sana. Hii jeki inashusha taratibu, na hapo tunaipa alama ya juu kabisa, kwa sababu nyingine huliachia gari kwa kishindo. Gari likikaa, lisukume kwa nguvu ubavuni. Likicheza, literemshe uanze upya. Likitulia, rudisha jeki iguse krosimemba kidogo tu, na tairi uliyofungua ilaze chini ya bodi. Ndipo uingie.

Kabla ya kulipa dukani, omba wainue gari lolote, upime urefu, usubiri dakika 10, upime tena. Ikishuka, sili, yaani raba za kuzuia oili isivuje, zimechoka au kuna hewa. Hewa inatolewa kwa kufungua valvu na kupiga pampu mara 10 hadi 15 bila mzigo. Oili ikipungua, weka oili ya jeki. Fluidi ya breki inaharibu sili za jeki, hata kama ndiyo iliyopo karibu. Na ukimaliza kazi, ihifadhi ikiwa imeshushwa kabisa, ili pistoni ibaki ndani ya oili, mbali na unyevu wa ziwa.