Sinki la jikoni kwa nyumba ya zamani: pima bomba la ukutani kabla hujalipia

Wanaokarabati jiko la nyumba ya zamani kwa mikono yao wana lalamiko moja linalojirudia. Sinki jipya linang'aa, koki haivuji, lakini maji hayaishi. Yanazunguka polepole, yanabaki kina cha kidole kimoja ndani ya beseni, na baada ya wiki mbili jiko zima linanuka mtaro. Fundi bomba anaitwa, anazibua, anachukua chake, na wiki inayofuata mambo ni yale yale. Mara nyingi tatizo si bomba kuziba. Sinki limeshuka chini mno kwa bomba lililomo ukutani.

Rangi na umbo chagua mwenyewe, macho unayo. Hapa nazungumzia kina cha beseni, kipimo ambacho muuzaji hakitaji na mnunuzi haulizi. Masinki mengi ya zamani yalikuwa na kina cha sentimita 15 hivi, na bomba la maji taka likatobolewa ukutani kwa hesabu hiyo. Yanayojaza maduka sasa, ya pembe kali, yana kina cha sentimita 20 hadi 23. Sentimita hizo tano hadi nane za ziada zote zinashuka upande wa trapu, kile kifaa cha chini ya sinki kinachobakiza maji kidogo ili harufu ya mtaro isipande.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni futi ya fundi, kabla ya kwenda Kariakoo. Pima kutoka juu ya slabu, pale ukingo wa sinki utakapokaa, hadi katikati ya tundu la bomba ukutani. Kama utaweka vigae vipya juu ya slabu, ongeza unene wa kigae na gundi yake, kama milimita 12 hadi 15. Tuseme slabu iko milimita 860 kutoka sakafuni na bomba liko 520. Nafasi uliyonayo ni milimita 340.

Sasa jumlisha kinachohitajika. Westi ya kikapu, yaani mdomo wa kutolea maji wenye chujio, inashuka kama milimita 75 chini ya beseni. Trapu ya chupa, ikifupishwa vizuri, inahitaji kama 100 hadi katikati ya mdomo wake wa kutokea. Shika ile utakayonunua uipime kwa rula palepale dukani, maana hazilingani. Bomba la kulala nalo linataka mteremko wa milimita 25 kwa kila mita, yaani karibu 8 kwa urefu wa sentimita 30. Beseni la 150 linakupa jumla ya 333, na linaingia. Beseni la 220 linakupa 403. Umepitiliza kwa milimita 63, na hakuna silikoni ya kuziba hesabu hiyo.

Fundi asiyetaka kukurudisha dukani huunga mpira wa mikunjo, ule unaovutika, akaupandisha hadi kwenye bomba. Usikubali. Maji hayapandi mlima yenyewe. Yanasimama kwenye mpira mpaka yalingane na mdomo wa ukutani. Mafuta, wanga wa wali na mabaki ya ugali vinatulia kwenye kila mkunjo, na harufu inaanzia hapo.

Kama moyo umeshapenda sinki la kina kirefu, kuna njia mbili za haki. Inua slabu, kwa mfano wetu ifike kama milimita 925, au vunja ukuta ushushe bomba. Kushusha kunawezekana nyumba ya chini, ikiwa chemba ya nje bado iko chini ya usawa mpya. Ghorofani, ambako bomba lako linaingia kwenye bomba la wima mnalotumia na majirani, kiungo kile usikiguse.

Namba moja kwangu ni sinki la kukandamizwa, yaani beseni limebonyezwa kwa mashine kutoka bati moja bila kuchomelea, beseni moja la kina cha milimita 140 hadi 170, lenye sehemu ya kukaushia vyombo, la chuma cha pua cha daraja la 304, kinachostahimili kutu vizuri. Na katika hayo napendelea Franke waziwazi, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1911. Sababu yangu ni karatasi ya vipimo: kina kimeandikwa, tundu la westi limeandikwa, ukubwa wa shimo la kukata umeandikwa. Unafanya hesabu kabla hujatoa hela. Tundu la milimita 90 ni la kawaida, hivyo kikapu kikioza baada ya miaka kingine kinapatikana. Masinki mengi yasiyo na jina yana tundu la milimita 110 au 114, na kikapu chake kikivunjika utazunguka mji mzima.

Namba mbili ni sinki la kukunja na kuchomelea, lile la kina kirefu na pembe kali, kwa mwenye bomba la chini tu. Tafuta lenye tundu la nyuma, karibu na ukuta, ili bomba la kulala liwe fupi. Na usidanganywe na "milimita 3". Mara nyingi unene huo ni wa ukingo wa juu peke yake. Beseni lenyewe ni milimita 0.8 au 1, ambayo inatosha kabisa.

Namba tatu ni la mchanganyiko wa mawe na plastiki ngumu. Zuri na kimya, lakini zito, na mengi yana kina cha 200. Kama jikoni kuna sinki la kauri la zamani na halina ufa, lisugue ulibakize. Kina chake tayari kinajuana na bomba.

La bei ya chini kabisa, la bati la nusu milimita, linafaa jiko la nje.

Kuhusu 304, sumaku haikupi jibu kamili. Inanasa 430, daraja jingine la chuma cha pua, lakini 201, daraja la bei nafuu lenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nayo haishiki sumaku kama 304. Karibu na bahari, Tanga au Mombasa, 201 inatoa madoa ya kutu mapema. Stika mtu yeyote anaweza kuchapisha, kwa hiyo tafuta muhuri uliogongwa kwenye chuma chenyewe.

Ukifika kwenye kufunga, kumbuka vibanio vya sinki vimetengenezwa kwa ubao wa milimita 30 au 40. Slabu ya zege ya milimita 75 havifiki. Safisha vumbi lote, laza silikoni nzima bila kukata chini ya ukingo, weka uzito ndani ya beseni, acha saa 24. Kabla ya silikoni, jaza beseni pomoni, achia maji kwa mkupuo, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Maji ya koki peke yake mara nyingi hayaonyeshi kiungo kinachovuja.

Kinachonikera zaidi ni namna yanavyouzwa. Unatajiwa bei, unakubali, ndipo unaambiwa westi ni pembeni, trapu pembeni, vibanio havipo. Boksi limeandikwa urefu na upana wa nje, kina hakuna, na ukiomba lifunguliwe upime unaonekana msumbufu. Ukutani kuna kibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtu anabeba sinki lisiloingia nyumbani kwake kwa sababu alikatazwa kutumia futi kwa dakika moja. Dai boksi lifunguliwe, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe 304, kina kwa milimita, na westi ikiwemo. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.