The Usual Suspects: Fumbo Kali, Watu Wepesi

Mwisho wa filamu unafichuliwa hapa. Kama hujaitazama, anza nayo kwanza. Ni dakika 106 tu.

Usiitazame ile ya kutafsiriwa na DJ, kama zinavyopigwa kwenye vibanda vya sinema mitaani Nairobi. Sinema ya mateke haiharibiki DJ akizungumza juu yake. Hii ya Bryan Singer, ya 1995, ushahidi wote umo mdomoni mwa msimulizi wake, Verbal Kint, na neno likifunikwa ushahidi umekwenda. Chukua nakala yenye sauti yake, uweke na maandishi chini, maana Fenster, mmoja wa wahalifu, anamumunya maneno hata Waingereza wenyewe hawamsikii vizuri.

Wahalifu watano wanapangwa kwenye gwaride la utambulisho New York. Baadaye meli inateketea bandarini San Pedro, California, na Kint, mlemavu anayechechemea, anamweleza afisa wa forodha Dave Kujan yaliyotokea. Nyuma ya yote kuna jina moja, Keyser Söze, bosi wa uhalifu anayeogopwa na wote.

Mwisho wake umeshonwa kwa ustadi mkubwa. Kujan anatazama ubao wa matangazo ofisini na kuyaona humo majina ya hadithi ya Kint, kikombe kinamponyoka, na chini ya kipande kilichovunjika pameandikwa Kobayashi, jina la wakili wa Söze aliyetajwa kwenye mahojiano. Huko nje, mguu wa Kint unanyooka hatua kwa hatua: Söze ndiye yeye. John Ottman ndiye aliyehariri na ndiye aliyetunga muziki, ndiyo maana mkato na mdundo vinakwenda pamoja. Christopher McQuarrie alipata Oscar ya mswada, na aliistahili. Ukirudia kuitazama, fuata macho ya Kint kabla mahojiano hayajaanza: yanausoma ubao ule.

Lakini watu? Fenster anauawa pembeni, tunaonyeshwa maiti ufuoni tu. Edie, wakili na mpenzi wa Keaton, mwingine wa wale watano, yupo ili Keaton apate kutishwa. Na Keaton mwenyewe, ambaye Gabriel Byrne anamcheza kwa uzito wa kweli, anakamatwa mkahawani akiwa na wawekezaji, akijaribu kuanza maisha mapya. Tukio hilo linagusa. Ila Kint hakuwepo pale mezani, na ndiye anayelisimulia. Ubao ukishafichua uongo wake, hujui tena kama Keaton alitaka kubadilika au nia hiyo nayo ilitungwa. Hapo ndipo fumbo linapomla mhusika: huwezi kumlilia mtu usiyejua alikuwa nani hasa.

Linganisha na Nairobi Half Life ya 2012, ya David Gitonga. Njama yake si ngumu. Ukizoea filamu za uhalifu utakisia mengi. Lakini Mwas anaposafisha choo cha seli siku zake za kwanza jijini, tayari unamjua: kijana wa kijijini aliyekuja kuwa mwigizaji. Baadaye akianza kuiba vipuri vya magari, unaogopa kwa niaba yake. Kwa Kint na wenzake hofu hiyo haiji hata mara moja.

Fumbo, 9 kwa 10. Wahusika, 5, na nne kati ya hizo ni za Byrne.