Kadi za Bahati na Kadi za Mkosi: Moja Nunua, Nyingine Iache Dukani

Karibuni tena wadau wa dadu. Leo nina pakiti mbili za Paizo, ile kampuni ya Marekani yenye Pathfinder, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake: Critical Hit Deck (kadi za bahati) na Critical Fumble Deck (kadi za mkosi). Meza nyingi za Dungeons & Dragons (mchezo mwingine wa aina hiyo) nazo zinazitumia kama sheria ya nyumbani, yaani waliyojiwekea wachezaji wenyewe. Unaposhambulia, dadu ya pande 20 ikisimama kwenye 20 unavuta kadi ya bahati. Ikisimama kwenye 1, jamani, unavuta mkosi.

Ya bahati imeninogea. Kila kadi ina matokeo manne: la rungu na nyundo, la mkuki na mshale, la upanga, na la uchawi. Badala ya kuhesabu madhara tu na kuendelea, adui anavuja damu, anapepesuka, pigo lina sura. Ila angalieni, maadui nao wanatupa dadu. Zimwi linakuja, linapigwa, linakufa, limekwisha. Mhusika wako yupo kila wiki, kwa hiyo kadi nyingi mwishowe zitamwangukia yeye. Mimi maadui wadogo siwapi kadi kabisa.

Sasa hii ya mkosi. Sheria za toleo la tano la Dungeons & Dragons zinasema ukipata 1 unaposhambulia, umekosa, basi. Kadi inaongeza adhabu juu yake. Pigeni hesabu. Mpiganaji wa daraja la 1 anashambulia mara moja kwa zamu, nafasi ya mkosi ni asilimia 5. Akifika daraja la 20 anashambulia mara nne, na nafasi ya kupata walau 1 moja inapanda hadi asilimia 18 na ushee. Yaani bingwa ndiye anayejikwaa kuliko mwanagenzi! Na mchawi je? Anarusha mpira wa moto, wanaotupa dadu ni wale wanaoungua. Yeye kakaa zake raha mustarehe.

Kuna na ile sheria ya nyumbani ya 20 tatu mfululizo, adui anakufa papo hapo. Ni mara 1 katika 8,000, haimdhuru mtu, iacheni.

Mkiutaka mkosi lazima, uhesabuni kwenye shambulio la kwanza la zamu tu, na mchezaji mwenyewe asimulie kilichoharibika. Hiyo ni bure.

Pakiti ya bahati naibakiza. Ya mkosi, anayeitaka anitumie ujumbe, aje aichukue.