Fleti ya chumba kimoja Masaki, ghorofa ya tisa: uzoefu wangu

Swali la kwanza la kumuuliza dalali wa fleti ya ghorofani Masaki, Dar es Salaam, ni dirisha limeelekea wapi. Bei na bwawa la kuogelea vifuate baadaye. Rasi ya Msasani, ilipo Masaki, imezungukwa na maji pande tatu, ndiyo maana matangazo mengi ya huku yanasema "inaangalia bahari". Ila magharibi unapata Ghuba ya Msasani, kule Slipway, na machweo mazuri ambayo kila mgeni atayapiga picha. Mashariki, kando ya Toure Drive, unapata bahari kuu, jua la asubuhi, na kivuli kuanzia mchana.

Mimi nilinunua upande wa mashariki na sijutii hata kidogo. Jirani yangu wa mlango wa pili ana fleti ya ukubwa uleule upande wa magharibi, kwa bei ileile. Kuanzia saa nane mchana vioo vyake vinapigwa jua mpaka linazama, na kiyoyozi hakipumziki. Tukilinganisha manunuzi ya umeme wa LUKU, ananipita mbali, na Februari ndiyo kabisa. Kwangu, kaskazi ikivuma usiku nafungua dirisha la chumbani, nalala na feni tu.

Upande huu nao una gharama yake, nayo ni kusi. Upepo huo unakuja na chumvi, na chumvi inakula chuma: bawaba, skrubu za makabati, fremu ya kompresa ya kiyoyozi iliyofungwa nje. Kuna vitu nimeshabadilisha ambavyo nyumba iliyo ndani ya mji ingekaa navyo miaka. Wakati wa masika mvua inapigwa na upepo mpaka inapenya kwenye reli ya dirisha la kusukuma na kutiririka sakafuni. Fundi alizibua matundu ya kutolea maji kwenye reli, akapiga silikoni upya, sasa napata unyevu kidogo tu. Ukiweza, nenda ukaione fleti Aprili au Mei, siku ambayo mvua imenyesha usiku. Inua pazia, pitisha mkono chini ya dirisha. Rangi mpya haifichi ukuta uliovimba.

Sasa ukubwa. Kipeperushi kilisema mita za mraba 74. Nilipima kwa futikamba kutoka ukuta hadi ukuta nikapata 61. Zilizobaki ni balkoni pamoja na fungu langu la korido. Uliza mapema, kwa sababu ada ya huduma inatozwa kwa mita, na jengoni kwetu wanahesabu 74. Ada hiyo ndiyo inayolipa walinzi, lifti, dizeli ya jenereta, pampu na lile bwawa ambalo sijawahi kuingia. Mtu akikutajia bei ya kununua bila kutaja ada, bado hajakutajia bei. Kodi ya majengo haisumbui, tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Na bei yenyewe itajwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza bidhaa na huduma za humu nchini kwa fedha za kigeni, ingawa wapo madalali ambao mdomoni bado wana dola.

Hati ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko yote, na ningerudia hatua zote. Ipo sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo: unapata hati ya fleti yako, na papo hapo unakuwa mbia wa kiwanja, ngazi, lifti na paa pamoja na wenzako. Cha kuuliza ni je, hati ya fleti hiyo imeshatoka, au kuna hati mama tu kwa jina la kampuni iliyojenga, na wewe unapewa mkataba wa mauziano na ahadi? Mwanasheria wangu alifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla sijatoa hata senti ya utangulizi. Alitazama kama hati mama imewekwa rehani benki, na miaka iliyobaki. Ardhi yetu ni ya umma, unamilikishwa kwa miaka 33, 66 au 99, na jengo jipya linaweza kuwa limesimama juu ya hati iliyokwisha kula nusu ya muda wake. Yangu ilikuwa safi. Rafiki yangu wa karibu alilipa kwenye jengo jingine kabla ya upekuzi, na hadi leo anazungushwa. Inaniuma kila nikimwona.

Ndani pametulia. Chumba kinameza kitanda kikubwa na kabati la ukutani, bafu lina dirisha halisi, jiko liko wazi sebuleni. Jiko la wazi linapendeza pichani, lakini kaanga samaki changu mara moja, mito ya kochi itanuka vumba hadi kesho. Mitungi ya gesi hairuhusiwi kupandishwa, kwa hiyo tunapikia umeme. Maharage nayachemsha kwenye jiko la presha. Kuanika nguo balkoni nako ni marufuku, kuna sehemu ya kuanikia juu ya paa.

Maji ya bomba yakikatika tunafunguliwa ya kisima, na visima vya rasi hii vimeingiwa na chumvi. Sabuni haitoi povu, na birika linabaki na ukoko mweupe. Weka madumu yako ya maji yasiyo na chumvi ya kunywa na kupikia. Umeme ukikatika jenereta linawaka haraka, ila linaendesha lifti moja kati ya mbili. Lifti ya pili iliwahi kulala kwa wiki kadhaa ikisubiri kipuri, na hapo ndipo nilipowajua majirani wote, tukipishana ngazini na mifuko ya sokoni.

Jambo ambalo matangazo hayataji kamwe ni msiba. Tulipofiwa na baba mdogo, ndugu walitaka kuja kukaa kwangu kwa sababu ni karibu na hospitali. Watu wangeketi wapi? Turubai lingefungwa wapi, sufuria zingekaa juu ya moto upi? Uongozi wa jengo ulitupa ukumbi wa chini kwa saa chache, wakatuvumilia, nami nawashukuru sana. Matanga yenyewe yalifanyika Mbagala kwa shangazi. Mtu ambaye kwao yeye ndiye nguzo, kila shughuli inaangukia kwake, fleti ya chumba kimoja itambana. Kwa pesa hiyohiyo anapata nyumba ya vyumba vitatu na uwanja Goba au Madale.

Mimi kazi yangu iko Upanga, naishi peke yangu, na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 limenipa asubuhi zangu. Asiye na gari ajue kwamba kituo cha karibu cha mabasi ya mwendokasi ni Morocco, hapo katikati ni daladala, bajaji au boda, na Barabara ya Haile Selassie jioni inasimama kabisa kwa foleni.

Wapangaji hawakosekani. Wafanyakazi wa balozi na mashirika wanatafuta chumba kimoja hasa, kwa hiyo anayenunua ili apangishe naona anafanya jambo la busara. Naipa nyota nne kati ya tano. Ningenunua tena jengo hilihili, upande uleule wa mashariki, ila ghorofa ya nne au ya tano, ambako bahari bado unaiona na ngazi zinapandika hata ukiwa na ndoo mkononi.