Pete yangu ya almasi, Arusha: hela yetu ilikwenda kwenye ukataji, si kwenye ukubwa

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kijenge, nashona magauni ya sendofu, ya harusi na sare za kwaya, na mkono wangu wa kushoto unashinda juu ya kitambaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila uamuzi tuliofanya kuhusu pete hii ulitokana na mkono huo.

Pete yangu ya kwanza, ya mwaka 2014, ilikuwa na tanzanite. Kwa sisi wa huku hilo ni jiwe la nyumbani. Linatoka Mirerani, Simanjiro, na hakuna mahali pengine duniani linapochimbwa. Nililipenda na bado nalipenda. Lakini nililivaa kila siku, kwenye cherehani, kwenye pasi, kwenye beseni la vyombo, na mwaka wa sita nikaligonga kwenye mguu wa chuma wa cherehani. Kona ikamomonyoka. Sonara niliyempelekea alinieleza jambo ambalo aliyetuuzia hakuligusia kabisa: kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, chenye ngazi 1 hadi 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7, na almasi ndiyo 10. Hata vumbi la ndani ya nyumba lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7.

"Tanzanite ni ya hereni na kidani, mama," akaniambia. "Mkono unaofanya kazi utaimaliza."

Basi tulipokaribia miaka 10 ya ndoa, Baba Neema akasema safari hii tutafute almasi. Tulijiwekea akiba kwenye kikoba na tukakubaliana kikomo: milioni 4 kwa pete nzima, yaani jiwe, dhahabu na ufundi. Mama mkwe kule Machame alipopata habari alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ni hela ya ng'ombe wawili wa maziwa. Hakukosea. Neno lake lilinikaa kichwani, na ndilo lililonifanya nikatae kulipia kitu chochote ambacho jicho langu halikioni.

Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa katikati ya mji, zuri, lina taa ndogo kali zilizopangwa kwenye dari juu ya kabati za vioo. Kijana wa mauzo alitutolea pete yenye almasi ya duara ya karati 0.70 kwenye dhahabu nyeupe. Alianza na milioni 4.6, akashuka hadi 3.9. Chini ya zile taa jiwe lilikuwa linawaka moto. Baba Neema alishaingiza mkono mfukoni.

Nikaomba nikaliangalie mlangoni. Sisi mafundi ndivyo tulivyozoea. Kitambaa hakichaguliwi chini ya taa ya duka, maana rangi inadanganya; unakikunjua, unakipeleka kwenye mwanga wa nje, ndipo unajua unanunua nini. Kijana alisita, lakini akanisindikiza hadi kizingitini. Ilikuwa Julai, saa nne asubuhi, lile wingu letu la Arusha limefunika mji mzima na Mlima Meru hauonekani. Pale mlangoni jiwe likazima. Katikati kulikuwa na duara la giza kama mboni ya jicho, na pembeni lilikuwa na ukijivu wa maji yaliyooshea vyombo. Nililigeuza huku na huku, giza likabaki palepale.

Nikauliza cheti. Akatoa karatasi ya duka lenyewe, imeandikwa "almasi halisi, daraja la kwanza". Nikauliza ukataji wake ni wa daraja gani. "Karati 18, mama."

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu Kiswahili chetu kinatumia neno hilo moja kwa mambo mawili tofauti, na muuzaji akitaka, au akiwa hajui, unaondoka umechanganyikiwa. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni asilimia 75, ndiyo maana ndani ya pete kunagongwa muhuri wa 750. Karati ya jiwe ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Kwa hiyo lile la 0.70 lilikuwa na gramu 0.14 tu. Ukiambiwa "karati 18" hujaambiwa lolote kuhusu almasi uliyoishika.

Tukatoka bila kununua. Baba Neema hakufurahi, maana ule ukubwa ulimvutia sana. Lakini nilikuwa nimepiga picha kibandiko cha pete, na kibandiko kilisema karati 0.70, upana milimita 5.5. Hiyo picha ndiyo iliyotuokoa.

Tulirudi kwa yule sonara wa tanzanite. Ni mzee, ana kameza kadogo dirishani, na hana taa za dari. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha. Akasoma zile namba mbili, akatingisha kichwa. Almasi ya duara ya 0.70 iliyokatwa vizuri, akasema, inafika upana wa kama milimita 5.7. Hii imebanwa juu, uzito wake umeachwa kwenye kitako ambako hauonekani pete ikivaliwa. Mkataji anafanya hivyo kwa sababu jiwe linauzwa kwa uzito, na kila chembe anayoisaga ni hela inayodondoka chini. Akikata kwa vipimo sahihi anapoteza uzito mwingi zaidi, lakini mwanga unaoingia juu unagonga kuta za chini na kurudi kwenye jicho lako. Kitako kikiwa kirefu mno, au kifupi mno, mwanga unapenya na kutokea chini. Lile duara la giza nililoliona mlangoni ndipo mwanga ulipokuwa unavujia.

Nilimwelewa mara moja. Nimeshaletewa hariri ya bei kubwa iliyokatwa vibaya na fundi mwingine, nikaambiwa niiokoe. Kitambaa kikishaharibika kwenye mkasi, hakuna mshono utakaokirudisha.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote katika safari hii. Alikunja karatasi nyeupe katikati kama mfereji, akaweka almasi mbili ndani, akasogeza karatasi dirishani, akanyamaza. Hakutaja bei wala uzito. Moja ilikuwa inatupa vimulimuli kila nilipoinamisha karatasi, kingo zake ziko hai. Nyingine ilikuwa nyeupe na safi lakini imetulia, kama kioo cha dirisha. Nikachagua ya kwanza. Baba Neema naye akachagua hiyohiyo.

Ndipo akatoa vyeti. Vyote vilikuwa vya GIA, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931, ambayo haiuzi mawe bali inayapima. Ile iliyotulia ilikuwa karati 0.51, rangi F, usafi VS1, ukataji wa daraja la kati, milioni 3.4. Ile tuliyoichagua ilikuwa karati 0.46, rangi H, usafi SI1, ukataji wa daraja la juu kabisa, milioni 2.3. Tofauti ya milioni moja na laki moja, na macho yetu manne yalikuwa yamependa ya bei ndogo.

Rangi inapangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye unjano wa wazi. H ina unjano hafifu sana, na ukiliweka jiwe kwenye dhahabu ya njano hata mtaalamu atapata kazi kuuona. VS1 na SI1 ni madaraja ya usafi wa jiwe, na SI1 ndiyo ya chini kati ya hayo mawili: maana yake kuna doa la ndani linaloonekana kwa kioo cha kukuzia mara 10. Akanipa kioo. Ilinichukua muda kulipata, punje moja nyeusi karibu na ukingo, ndogo kuliko tundu la sindano namba 9. Nikaondoa kioo, nikatafuta kwa macho tu, sikuiona. Nikauliza kama linaweza kupasukia hapo. Akasema hiyo ni punje iliyofungwa ndani, siyo ufa. Ingekuwa ufa unaofika nje asingeniuzia kwa pete ya kila siku.

Akanigeuzia jiwe upande, kwenye kile kiuno chake chembamba. Namba ya cheti imechongwa pale kwa mwanga wa leza, tarakimu moja moja, na zilikuwa zilezile za kwenye karatasi. Tukaiingiza kwenye tovuti ya GIA kwa simu, vipimo vyote vikalingana. Dakika mbili tu. Duka la kwanza lingeweza kunionyesha kitu kama hicho, kama kingekuwepo.

Kuhusu ile 0.46: bei ya kila karati haipandi taratibu, inaruka kwenye namba zinazopendwa, kama 0.50 na 1.00. Jiwe letu lina upana wa milimita 5.0. La nusu karati kamili lingekuwa na kama 5.1. Hiyo sehemu moja ya kumi ya milimita inawatoa watu hela nyingi sana, na kidoleni haionekani.

Alituonyesha pia almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, karati 1.01, ina cheti, milioni 1.4. Nataka niwe mkweli juu ya hiyo, kwa sababu watu wanaitupa kirahisi. Siyo feki. Ni kaboni ileile, ugumu uleule, hata kile kifaa cha kalamu kinacholia kikigusa almasi kitalia. Feki ni kumuuzia mtu bila kumwambia. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Kilichonizuia ni kwamba bei zake zimeshuka sana miaka hii ya karibuni na bado zinashuka, nami sikutaka kuvaa kitu ambacho mwakani kitauzwa nusu ya nilicholipa. Baba Neema naye alitaka jiwe lililotoka ardhini, na ni yeye aliyekuwa ananivisha. Mwenye milioni mbili anayetaka jiwe kubwa la kung'aa, ningemwambia achukue ya maabara bila wasiwasi.

Nilimuuliza mzee swali moja zaidi: nikipatwa na shida, utainunua tena? Akajibu waziwazi kwamba ataichukua, lakini kwa bei ya chini sana kuliko aliyoniuzia, na kila duka lingine litafanya hivyo. Ng'ombe wa mama mkwe wangezaa, jiwe halizai. Tulinunua tukijua hivyo.

Pete yenyewe nilitaka niisanifu kwa kazi yangu. Pete nyingi za almasi zinashika jiwe kwa kucha nne au sita zilizoinuka, na kucha hizo zinanasa kwenye shifoni na lesi. Ukivuta uzi mmoja kwenye gauni la bibi harusi umelinunua wewe. Tukaamua jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, likae chini. Ukingo unakula dhahabu zaidi, lakini unalinda kingo, maana almasi haikwaruziki ila ikipigwa vibaya inaweza kumeguka. Na ile punje nyeusi ikafunikwa na ukingo, ikapotea moja kwa moja. Tulichagua dhahabu ya njano ya karati 18. Nyeupe hupakwa rodiamu juu, madini meupe yanayong'aa, ili ing'ae, na kwa mkono unaofanya kazi kama wangu rangi hiyo huisha, unarudi kupaka tena kila baada ya muda na kila mara unalipia.

Mchanganuo ni huu: jiwe 2,300,000, dhahabu 750,000, ufundi 300,000. Jumla 3,350,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tulipewa bila kuiomba.

Malalamiko yangu ni mawili. Tuliambiwa wiki tatu, zikawa tano, na sikukuu yetu ilipita nikiwa sina pete kidoleni. Pia alinipima asubuhi ya baridi, na mchana kidole kikivimba kwa joto la pasi pete ilikuwa inabana. Aliitanua bila malipo, lakini ni safari mbili nilizofunga kibanda. Mpimwe mchana.

Sasa ni mwezi wa tisa naivaa. Haijanasa uzi hata mmoja. Nilichogundua ni kwamba almasi inashika mafuta vibaya sana. Siku mbili za losheni na inafifia kabisa. Kila Jumamosi naiosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, inarudi kama mpya. Ile tanzanite ya zamani tulimpa mkataji wa hapahapa mjini, akaisaga upya kuondoa kona iliyomeguka. Ikapungua kidogo, ikawa kidani, naivaa Jumapili.

Na mkienda kuchagua, nendeni siku ya wingu. Jua kali linaliwasha kila jiwe, hata la glasi. Ule ukungu wa Juni na Julai unaotukera wote ndio uliotuonyesha lipi linabaki hai na lipi linazima.