Neil Young Archives: kabati la mzee mmoja, na bando lako

Nianze na wenye haraka. Kama unapenda nyimbo tatu nne tu za Neil Young, usilipie huduma hii. Utazipata kwingine, pengine kwa pesa ambazo tayari unalipa. Lakini kama wewe ni wa wale wanaoweza kubishana hadi chai ipoe kuhusu iwapo mzee huyu alipaswa kustaafu mwaka 1979, ingia bila kusita. Mimi ni wa kundi hilo, na hapa kwangu Nairobi nina wabishi wengine watatu: jirani yangu mzee wa ghorofa ya pili, shemeji yangu mpiga gitaa, na mpwa wangu aliye chuoni.

Neil Young Archives ni tovuti na programu ya simu ambayo ndani yake mna kazi za mtu mmoja, Neil Young, mwimbaji na mpiga gitaa Mkanada aliyezaliwa Toronto mwaka 1945 na kwenda kutafutia jina California. Ilifunguliwa Desemba 2017, ikaachwa bure kwa muda, kisha ikawekewa ada iliyoanzia dola 1.99 kwa mwezi au 19.99 kwa mwaka. Baadaye zikaongezwa ngazi za bei ya juu kwa mashabiki sugu. Malipo ni kwa dola, kwa hiyo benki nayo itakata chake kabla hujasikia hata noti moja.

Ukifungua unakutana na picha ya kabati la chuma la kuwekea faili, lile la ofisi za zamani. Vuta droo na utapata nyimbo zimepangwa kwa mwaka, kila wimbo na kadi yake: ulirekodiwa lini, studio gani, nani alishika besi, nani alikaa kwenye ngoma, ulitoka kwenye albamu ipi. Kuna pia mstari mrefu wa miaka unaoanza na ujana wake Winnipeg. Nimesoma kadi hizo usiku hadi nikasahau kucheza wimbo wenyewe. Katika huduma nyingine za muziki ninazotumia, aliyepiga ngoma hata hatajwi.

Hapo sifa zinaanza kupungua. Kabati ni tamu kwa macho lakini kwenye simu ndogo linataka subira ya kuvua samaki. Mtu aliyezoea kuandika jina na kubonyeza ataudhika. Nadhani mwenyewe alitaka hivyo. Huyu hajawahi kuwa mtu wa kurahisishia wasikilizaji.

Sasa bando. Muziki hapa una swichi ya pande mbili: ubora wa kawaida wa kilobiti 320 kwa sekunde, na ubora wa juu kabisa, ule wa rekodi mama, ambao kwa nyimbo nyingi za zamani ni biti 24 na kilohezi 192. Kwa kulinganisha, sidii ni biti 16 na kilohezi 44.1; namba zikipanda, sauti imehifadhiwa kwa undani zaidi. Nilipiga hesabu kwa albamu ya Harvest yenye dakika kama 37. Kwa ubora wa kawaida inakula chini ya megabaiti 100. Kwa ubora wa juu ni karibu giga moja na nusu. Giga moja na nusu, albamu moja! Ukiwa kwenye bando la simu, hiyo ni kufuru. Hakikisha swichi imekaa upande gani kabla hujaanza, au ungoje hadi ufike penye waifai.

Je, tofauti inasikika? Kwa hedifoni za bluetooth, sahau, kwa sababu zenyewe hubana sauti kabla ya kukufikishia. Kwa hedifoni nzuri za waya na kifaa kidogo cha kutafsiri sauti alichonacho shemeji, ndiyo, kidogo: unasikia chumba. Unasikia fimbo ikigusa sahani ya ngoma na mlio ukifa taratibu. Mzee amepigania jambo hili miaka mingi. Mwaka 2014 aliwachangisha mashabiki mtandaoni zaidi ya dola milioni 6 kutengeneza Pono, kifaa cha pembe tatu cha kuchezea muziki wa ubora wa juu, na kufikia 2017 kilikuwa kimekufa. Januari 2022 aliondoa nyimbo zake Spotify, ile huduma kubwa ya muziki mtandaoni, akipinga habari potofu kuhusu chanjo za korona katika kipindi cha Joe Rogan, mtangazaji wa podikasti wa Marekani, akarudi Machi 2024 kwa kulalamika kwamba sasa hata wapinzani wa Spotify wanakirusha kipindi hichohicho. Mpwa wangu anaita huo ukaidi wa kizee, ila kwa miaka hiyo miwili hivi nje ya Spotify, mzee alikuwa na kabati lake mwenyewe.

Mabishano yetu hasa ni haya: kwa nini bado anasikilizwa?

Mzee wa ghorofa ya pili ana jibu fupi: Harvest, 1972, mengine ni kelele. Huyu ni mtu wa Jim Reeves, Skeeter Davis na Charley Pride, kama wazee wengi wa Kenya waliokulia redioni, na Jumapili muziki wa kantri hushuka kwenye ngazi zetu tangu asubuhi. Nilimfungulia kadi ya "Heart of Gold" akasoma polepole, miwani puani: Nashville, 1971, Kenny Buttrey kwenye ngoma, Tim Drummond kwenye besi, Ben Keith kwenye lile gitaa la chuma linaloteleza, Linda Ronstadt na James Taylor wakiitikia. "Si nilikwambia," akasema, "hawa ni watu wa Nashville. Huyu kijana alikuwa mgeni tu pale." Ana hoja. Neil Young alikwenda Nashville, makao ya muziki wa kantri, kushiriki kipindi cha televisheni cha mwimbaji Johnny Cash, akaingia studio na wapigaji wa huko. Wimbo ukashika namba moja Marekani, na Harvest ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka 1972.

Shemeji hataki kusikia Harvest. Kwake Neil Young ni yule mwenye gitaa jeusi la Gibson analoliita Old Black, mbele ya bendi ya Crazy Horse, spika zikikaribia kupasuka. Ushahidi wake ni "Cinnamon Girl" ya 1969, ambamo mahali pa solo gitaa linadonoa noti ileile moja, tena na tena, huku akodi chini yake zikibadilika. Shemeji hufumba macho hapo. Mpwa akamwambia, "Anko, hiyo hata mimi napiga." Shemeji akamjibu kwamba kupiga atapiga, ila hatathubutu kuiacha hivyo.

Mpwa ndiye mwenye shtaka zito. Anasema sauti ni ya puani, nyembamba, na kwamba wanaoipenda ni wazee wanaolilia ujana wao. Hili la ujana nimelikataa. Wapi ujana? Hakuna kati yetu aliyekuwa kwenye tamasha la Woodstock 1969. Hatuna California ya kuikumbuka. Msikilizaji wa Nairobi anayekutana na nyimbo hizi leo hana kumbukumbu ya kumwonea huruma mwimbaji. Zisipomshika zenyewe, anazima. Na mimi zimenishika.

Sababu yangu niliipata kabatini. Baada ya Harvest, angeweza kuirudia mara kumi akafa tajiri. Aliandika baadaye kwamba wimbo ule ulimweka katikati ya barabara, akachoshwa, akaelekea mtaroni. Novemba 1972 Danny Whitten, mpiga gitaa wa pili wa Crazy Horse, alikufa kwa dawa na pombe muda mfupi baada ya kurudishwa nyumbani kutoka mazoezini kwa sababu hakuweza kupiga. Mwaka uliofuata heroini ikamuua Bruce Berry, mbeba vyombo wake. Agosti 1973 waliobaki wakajifungia kwenye ukumbi wa mazoezi Los Angeles, wakanywa, wakarekodi nyimbo kadhaa za albamu ya Tonight's the Night katika usiku mmoja. Sikiliza "Mellow My Mind". Anaipandia noti ya juu, sauti inapasuka katikati, wazi kabisa, na hawakuirudia. Ile noti iliyopasuka ndiyo inayonirudisha kwenye wimbo huo kila mara.

Halafu fungua droo ya pili. Mnamo 1975 alikuwa pia na albamu iliyokamilika, Homegrown, laini, ya mapenzi yaliyovunjika, aina ambayo jirani yangu angeikumbatia. Aliwachezea marafiki albamu zote mbili, kisha akaitoa Tonight's the Night na kuifungia Homegrown hadi 2020. Kwenye huduma hii unaziweka ubavu kwa ubavu na kuona kwamba ule mkwaruzo wa sauti ulikuwa uamuzi. Alijua kuimba vizuri, akachagua kutoa ile nyingine. Ukitaka kujua unalipia nini hapa, ni uwezo huo wa kulinganisha.

Nilidhani hapo nimemaliza kesi, hadi mpwa alipoingia mwenyewe kwenye miaka ya 1980, droo ambayo mashabiki wengi hupita wakikohoa. Akatua Trans ya 1982, albamu aliyoimba sehemu kubwa yake kupitia mashine ya kubadili sauti, sauti inatoka kama roboti. Wakati ule wengi waliona amerukwa na akili. Mwaka 1983 kampuni yake ya kurekodi, Geffen, ilimshtaki ikidai dola milioni 3.3 kwa kuwa alichowaletea hakikufanana na Neil Young waliyemnunua. Mtoto aliyekulia kwenye muziki wa sauti zilizopigwa pasi na kompyuta akasikiliza mara moja, akasema, "Mjomba, hii ndiyo nzuri. Mbona mlinificha?" Shemeji nusura atoke nje. Nikamwambia mpwa kwamba mzee alikuwa na mwana, Ben, asiyeweza kuzungumza kwa sababu ya mtindio wa ubongo, na kwamba nyimbo zile zilitokana na kutafuta njia ya kuwasiliana naye kwa mashine. Akaurudia "Transformer Man" bila kunijibu.

Kuna wimbo mmoja ambao hatuubishanii. "Ohio" uliandikwa na kurekodiwa Mei 1970, chini ya wiki tatu baada ya askari wa National Guard, jeshi la akiba la Marekani, kuua wanafunzi 4 katika chuo kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio, wakati wa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Neil Young aliuimba na wenzake wa kundi, Crosby, Stills na Nash, na mwishoni unamsikia David Crosby akipaza sauti kama mtu anayelia. Juni 25, 2024 vijana wetu walipigwa risasi nje ya Bunge, hapa mjini, wakipinga mswada wa fedha. Jioni moja wiki ileile shemeji aliuweka wimbo huo. Mpwa, aliyekuwa na wenzake barabarani, hakusema neno juu ya sauti ya puani.

Nirudi kwenye huduma. Lawama yangu kubwa ni kwamba hakuna anayemwambia mzee "hapana". Matoleo ni mengi mno: tamasha la mwaka huu, tamasha la mwaka ule, wimbo uleule mara saba. Albamu zake za miaka ya karibuni nazisikiliza kwa heshima, nyingi mara moja tu. Nyingine zingetosha kuwa nyimbo mbili. Na sauti imechakaa, tusidanganyane. Lakini Juni 2025, akiwa na miaka 79, alifunga usiku katika jukwaa kuu la Glastonbury, Uingereza, na gitaa lilikwaruza vilevile.

Ukiamua kujiunga, lipia mwezi mmoja kwanza, tafuta waifai, hedifoni za waya, na usianze na Harvest. Anza na tamasha la Massey Hall, Toronto, Januari 19, 1971, lililokaa kabatini hadi 2007. Yuko peke yake. Katikati ya "A Man Needs a Maid", akiwa kwenye piano, anaingiza beti za "Heart of Gold", zaidi ya mwaka mzima kabla haijashika namba moja. Sikiliza watu ukumbini: hakuna anayepiga kelele, hakuna anayeitikia, hawaujui wimbo. Mtayarishaji wake, David Briggs, alisisitiza kwamba hii ndiyo ingetolewa badala ya Harvest. Mzee wa ghorofa ya pili nimemchezea, na anasema Briggs alikosea. Shemeji anasema Briggs alikuwa sahihi. Kesho ni Jumapili, wanakuja wote wawili, na nimeshanunua maziwa.